Chumvi ya Mara Tatu

Jumatatu, 8 Januari 1996

Leo Réal amenikabidhi daftari hili langoni, mbele ya pipa la moto. "Wewe Marielle ndiye mwenye mwandiko unaosomeka," akasema. Réal ni mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi, na akikupa kazi anakupa huku ameshaanza kuondoka, usipate nafasi ya kukataa.

Kazi yenyewe ni kuandika kila anayeingia kiwandani kwetu, kiwanda cha jibini, saa ngapi na kwa gari gani. Sheria ya hapa Quebec ina miaka kumi na minane sasa: mgomo ukiwepo, mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kushika kazi zetu. Wanaoruhusiwa kuzishika ni mameneja wake mwenyewe, tena wale tu aliowaajiri kabla mazungumzo hayajaanza. Mazungumzo yetu yalianza Septemba mosi. Mameneja wa namna hiyo wapo sita, nawajua mmoja mmoja mpaka viatu vyao. Akionekana wa saba, tunamwita mkaguzi wa Wizara ya Kazi.

Tumegoma tangu Novemba ishirini, watu arobaini na mmoja. Bwana Desrochers, mkuu wa kiwanda, anataka kuleta mashine ya kutia chumvi na kupunguza watu kumi na wanne, na majina ya juu kabisa kwenye orodha yake ni ya sisi wa meza ya chumvi. Nimetia chumvi kwenye jibini miaka thelathini na moja. Nina miaka hamsini na saba, mume wangu alifariki, na kazi nyingine iliyopo hapa kijijini ni kufagia kanisa, nayo ina mwenyewe.

Walioingia: mameneja sita, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Lori la maziwa, saa kumi na mbili, dereva Gaétan peke yake.

Lori tunaliachia lipite. Ng'ombe hawajui habari za mgomo, na wenye ng'ombe ni ndugu zetu na majirani zetu. Tulikubaliana nao tangu siku ya kwanza: lori likija, tunasogeza gogo tulilozibia lango, tunampungia Gaétan mkono, tunarudisha gogo.

Jumanne, 9 Januari

Mameneja sita. Gaétan. Baridi.

Ijumaa, 12 Januari

Solange alipita dukani akanunua mfuko wa punje za jibini za kiwanda, jibini bichi la vibonge vidogo, tukazionja langoni sote. Punje za asubuhi hiyohiyo lazima zikwaruze meno, zitoe mlio kama kandambili zilizoingia maji. Za leo hazina mlio. Nje chumvi tupu, ndani kama karatasi.

"Hizi amezitia chumvi mhasibu," Solange akasema. "Kamwaga ndoo nzima, kaenda kunywa kahawa."

Tulicheka mpaka Réal akatoka kwenye kibanda chetu cha mgomo kuuliza kuna nini. Solange ana miaka ishirini na sita na mdomo wa watu watatu, lakini siku kama hizi namshukuru Mungu kwa mdomo huo. Mwenye duka anasema watu wanarudisha mifuko. Mwenye kibanda cha chipsi, anayemwaga punje hizi juu ya chipsi zake, naye ameanza kuagiza jibini mji mwingine. Hayo ndiyo tunayoyangoja. Sheria haimlazimishi Desrochers kutupa chochote, inamzuia tu kutafuta mikono mingine, na mikono aliyo nayo haijui kazi.

Jumapili, 14 Januari

Baada ya kanisa, kwa dada, kama kila Jumapili. Supu ya mbaazi.

Huguette ananizidi miaka tisa. Alistaafu miaka miwili iliyopita na anaishi nyumba ya nyuma ya kiwanda, dirisha la jikoni linatazama paa la chumba cha maziwa. Ndiye aliyenifundisha chumvi. Unatia mara tatu, si mara moja. Unatia, unageuza, unaziacha zipumzike mpaka maji yatoke, unatia tena. Mara ya tatu kiganja kinaangalia chini. Mtu mvivu hawezi, na mtu mwenye haraka hawezi.

Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kuniambia chumvi iko sawa. Imepungua kidogo, imezidi kidogo, basi. Nikisikia hivyo najua siku ni njema. Akinikasirikia alikuwa anaonja, anameza, anakwenda zake bila neno, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaniumiza.

Leo aliweka mfuko wa punje za dukani mezani, akausukuma kwangu. "Umeonja huu uchafu?"

"Tumeonja, dada. Tumecheka sana."

"Mmecheka," akasema. "Jina la kijiji limeandikwa kwenye mfuko, na nyie mnacheka."

Jumatatu, 22 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kalamu iligoma nayo. Ilibidi niiweke kwapani ndipo nikaandika: mameneja sita, Gaétan.

Alhamisi, 25 Januari

Nimechoka. Sina la kuongeza.

Jumatatu, 29 Januari

Mameneja sita. Lori la maziwa, Gaétan na msaidizi. Umri nao umemfika Gaétan, mabomba yale ya maziwa ni mazito.

Jumatano, 31 Januari

Mameneja sita. Gaétan na msaidizi. Theluji mpaka magotini. Wawili wetu wamepata kazi ya kukata magogo kaskazini na hawatarudi kabla ya Pasaka. Réal anasema hakuna neno. Uso wake unasema lipo.

Jumanne, 6 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Solange alileta mfuko kama kawaida, nasi tukajiweka tayari kucheka. Nikatupa punje mdomoni. Ikalia. Nikatafuna ya pili, ikalia. Kila mtu akatafuna, na langoni pale hakukusikika kitu ila moto na meno ya watu.

"Wamejifunza," mtu mmoja akasema.

"Nani, mhasibu?" Solange akasema. "Miezi miwili hajui chumvi na sukari, leo kawa fundi?"

Mimi nilichukua ya tatu. Chumvi ilikuwa imeingia mpaka katikati ya punje, polepole, kwa awamu. Kulikuwa na punje moja moja zenye chumvi zaidi upande mmoja, ile ya mara ya tatu, ya kiganja kilichoangalia chini. Hakuna mashine inayofanya hivyo. Hakuna meneja anayefanya hivyo. Katika kijiji hiki wanaofanya hivyo ni wawili, na mmoja alikuwa amesimama langoni na mfuko mkononi.

Nilitema mate, nikasema baridi imeniingia tumboni, nikaenda nyumbani. Huko nikafungua daftari hili nikasoma kurasa za nyuma. Gaétan na msaidizi. Gaétan na msaidizi. Nimeandika hivyo siku saba kwa mkono wangu mwenyewe, huku nasogeza gogo na kupunga mkono.

Jumatano, 7 Februari

Lori lilipofika sikupunga. Nilisogea dirishani upande wa abiria. Kioo kilikuwa na barafu, lakini chini pembeni palikuwa wazi kidogo. Koti la kiume, kofia ya manyoya imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Kati ya magoti ilikuwa fimbo ya kutembelea yenye utepe mweusi wa gundi kwenye mpini. Utepe huo niliuzungusha mimi, kiangazi kilichopita, alipotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga.

Hakugeuka kunitazama. Gaétan alitazama usukani.

Nikaandika: mameneja sita, Gaétan na msaidizi. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 9 Februari

Kibanda cha chipsi kimerudi kununua jibini la kiwanda. Réal alipiga simu kuuliza tarehe ya mazungumzo, akaambiwa Bwana Desrochers ana shughuli nyingi wiki hii. Alipokata simu alikaa juu ya ndoo. "Kama jibini linatoka, ataongea na sisi kwa nini?" akasema. "Atatuacha hapa tugande mpaka mmoja mmoja aondoke mwenyewe."

Kumi na wanne. Solange yumo. Mimi nimo. Nilikuwa nimesimama karibu na Réal na jina la dada yangu liko kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza.

Jumapili, 11 Februari

Supu ya mbaazi. Nilingoja anipakulie, kisha nikasema, "Dada, lori la Gaétan lina joto?"

Akaweka upawa. "Lina joto kuliko lango lenu."

Hakukana hata kidogo. Labda angekana ningepata nafasi ya kupiga kelele.

"Unatuua, Huguette."

"Nawaokoa," akasema. "Kaa chini. Kaa, nakwambia. Unajua walichokuwa wanafanya mle ndani? Walikuwa wanamwaga. Pipa zima la maziwa kwenye mfereji, kwa sababu mjinga mmoja aliwasha moto akasahau. Nilikuwa naona mvuke kutoka dirishani hapa, mweupe, unanuka maziwa yaliyoungua. Siku tatu. Siku ya nne Desrochers akaja hapa na kofia mkononi. Akasema, Bibi Huguette, wateja wakishakwenda hawarudi, na mdogo wako na wenzake wakimaliza mgomo watakuta mlango umefungwa. Uongo?"

"Anajua pa kukugusa, huyo."

"Nimekuuliza, ni uongo?"

Hata mimi mwezi huu nimelala nikiwaza hivyohivyo.

"Sheria inakataza," nikasema.

"Sheria inakataza wafanyakazi. Mimi nimesaini kuwa mshauri. Mshauri ni upande wa mameneja, na mameneja wanaruhusiwa. Amenionyesha kwenye karatasi."

"Mameneja wa kabla ya Septemba, dada. Wewe umeanza mwezi uliopita."

"Karatasi anaijua yeye. Mimi sikuwa na miwani." Akavuta bakuli lake. "Kula, inapoa."

Nilikula. Sijui kwa nini nilikula. Ilikuwa tamu kama siku zote, na hilo liliniudhi zaidi.

Jumanne, 13 Februari

Réal ameita mkaguzi bila kuniuliza. Solange ndiye aliyemsukuma. "Mle ndani yumo wa saba," alimwambia, "kama simjui mimi, jibini linamjua."

Mkaguzi ni Bibi Quirion, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na buti za mwanamume. Alisikiliza vizuri. Solange alimpa punje aonje, akaonja, akakubali ni nzuri. "Lakini, binti yangu, siwezi kuandika ladha kwenye ripoti," akasema. Akaomba kuona daftari. Nikamkabidhi. Alisoma kurasa za mwanzo wa Januari tu, zile za mameneja sita mameneja sita, akanirudishia, akaingia ndani.

Alikaa saa mbili na nusu. Alipotoka, Desrochers alimsindikiza mpaka kwenye gogo letu, bila koti, anatabasamu. Bibi Quirion akamwambia Réal waziwazi, sote tunasikia:

"Mle ndani yumo mtu wa saba. Ni Bibi Huguette Ouellet."

Watu wote walinigeukia. Nilitazama buti zangu.

"Basi si tumemkamata," Solange akasema.

"Nimeonyeshwa mkataba. Ni meneja mshauri wa ubora, ameajiriwa tarehe 14 Juni mwaka jana. Mazungumzo yenu yalianza Septemba. Kama tarehe hiyo ni ya kweli, ana haki ya kuwa mle ndani kama hao sita."

"Huyo alikuwa amestaafu," Réal akasema.

"Mstaafu anaweza kuajiriwa tena. Mwenye ushahidi kwamba tarehe si ya kweli anipigie simu kabla ya Ijumaa. Ijumaa nafunga faili." Akampa Réal kadi, akapanda gari.

Solange alikuja akasimama mbele yangu, karibu kabisa. Hakuwa na mdomo wake wa mzaha. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoonja."

Alinitazama kama mtu anayesoma barua asiyoielewa. "Mimi nimekuwa nakuletea kahawa kila siku, Marielle," akasema, akarudi kwenye moto. Hakuna aliyenisogelea tena mpaka zamu ikaisha.

Sasa nimekaa jikoni. Tarehe 14 Juni. Desrochers alichagua tarehe yoyote tu, mbali na Septemba, ili ionekane safi. Hakujua. Tarehe 14 Juni Huguette alikuwa hospitali kule Rimouski, amelala kwa dawa ya usingizi, wanambadilishia nyonga. Nilikuwa nje ya mlango. Nilibadilishana zamu na Solange ili niwe pale, na Solange amesahau. Jioni yake dada alipofumbua macho jambo la kwanza aliloniuliza ni nani anatia chumvi.

Hapa kijijini wanaoikumbuka tarehe hiyo ni mimi na yeye.

Jumatano, 14 Februari

Nilikwenda kwake mchana. Sikukaa.

"Tarehe kwenye karatasi yako ni Juni kumi na nne," nikamwambia.

Kisha niliona mkono wake umeshuka wenyewe mpaka kwenye nyonga.

"Amenifanya mwongo," akasema.

"Mpigie simu yule mama, dada. Useme wewe. Ukisema wewe watu watajua ulidanganywa."

"Watu watajua nilikuwa mle ndani. Wameshajua. Asubuhi hii mwenye duka hakunijibu salamu." Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani. "Miaka arobaini na mbili, Marielle. Nilikaa nyumbani miaka miwili naangalia paa. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuja kuniuliza kitu, si chumvi, si maziwa. Halafu mtu anakuja na kofia mkononi anasema bila wewe hatuwezi. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Wewe ungesema hapana," akasema. "Wewe hujaachwa bado."

Nikamwambia kesho nitakwenda kuandika maelezo, yeye akija au asije. Nikamwambia wako kumi na wanne. Nikamwambia na mimi ni mmoja wao. Aligeukia dirisha.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeandika. Ofisini kwa Bibi Quirion, karatasi mbili, mbele ya Réal. Jina la dada yangu, tarehe ya upasuaji, jina la hospitali, muda niliokaa nje ya mlango. Bibi Quirion aliuliza kama mgonjwa mwenyewe atakubali faili lake lisomwe. Nikasema sijui. Akaomba na daftari hili, atoe nakala za kurasa za Gaétan na msaidizi wake. Amesoma na mengine, nimeona macho yake yakishuka. Alilifunga akanirudishia kwa mikono miwili.

Huguette hakuja.

Jumamosi, 17 Februari

Gaétan peke yake. Hakutupungia, nasi hatukumpungia.

Jumanne, 20 Februari

Réal amesikia kutoka kwa Bibi Quirion. Mkaguzi huyo alikwenda nyumbani kwa Huguette jana. Huguette alimkaribisha, akampa kahawa, akamsikiliza, akasema: "Siku hiyo nilikuwa sina fahamu. Muulize mdogo wangu, yeye ndiye anayejua mambo yangu yote." Kisha akatia sahihi karatasi ya kuruhusu hospitali itoe faili. Alikwenda kutafuta miwani kwanza. Alisoma kila mstari.

Jumanne, 27 Februari

Amri imetoka. Kiwanda kimezuiwa kumtumia, na kuna kesi juu ya ule mkataba. Huguette mwenyewe hakuadhibiwa, sheria inamshika mwajiri. Langoni walipiga makofi. Réal alinishika bega. "Umetuokoa," akasema. Dada naye siku ile ya supu alisema anatuokoa, neno lilelile.

Solange aliniletea kahawa. Haikuwa na sukari, lakini aliileta.

Ijumaa, 1 Machi

Punje hazina mlio. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani mimi na dada tulikuwa tunakaa benchi la tatu tangu mama yetu akiwa hai. Leo alikaa la mwisho, karibu na mlango, peke yake. Watu waliokuwa kwenye benchi hilo walihama polepole, mmoja baada ya mwingine, kama waliokumbuka kitu. Nilitaka kwenda kukaa naye. Miguu ilikataa, au mimi nilikataa, sijui.

Sikwenda kula supu. Sikuitwa.

Alhamisi, 7 Machi

Kuna mtu ameandika MVUNJA MGOMO kwenye kilima cha theluji mbele ya nyumba ya dada, kwa rangi nyekundu ya mabango yetu. Nilikwenda na koleo kabla ya zamu nikachimba mpaka nyekundu ikaisha. Pazia la jikoni lilisogea, likarudi.

Langoni nilimuuliza Solange kama ni yeye. Akasema hapana. Baadaye akaja na koleo lake mwenyewe, akanisaidia kubeba theluji niliyoichimba mpaka mtaroni. Sikumuuliza tena.

Jumanne, 12 Machi

Mameneja sita. Gaétan.

Jumatano, 13 Machi

Mameneja watano. Mhasibu anaumwa mgongo. Ametia chumvi sana.

Jumanne, 19 Machi

Desrochers ameomba mazungumzo. Ameomba yeye.

Jumapili, 24 Machi

Theluji imeanza kulainika na wenye mashamba wametoboa miti yao ya sukari. Kila nyuma ya nyumba kuna mvuke wa maji ya mti yanayochemshwa yawe shira. Nilipita kwa Huguette. Huko hakukuwa na mvuke. Kila mwaka anachemsha ndoo mbili uani. Niligonga, nikangoja, nikaondoka.

Ijumaa, 29 Machi

Tumepiga kura. Mashine haiji kwa miaka mitatu. Watu tisa kati ya kumi na wanne wanabaki, watano wanaondoka mwisho wa Juni. Solange anabaki. Mimi nabaki. Wale watano walipiga makofi pamoja na sisi na sikuweza kuwatazama. Thelathini na mmoja walisema ndiyo, wanne wakasema hapana, wengine hawakuja. Nilisema ndiyo shingo upande. Miezi minne kwenye pipa la moto, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Réal akaniambia daftari ni langu sasa, nilitunze.

Jumanne, 2 Aprili

Siku ya kwanza kazini. Chumba cha maziwa kilinuka vilevile. Kwenye meza ya chumvi nilikuta kipawa cha mbao cha Huguette, cha kuchotea chumvi, kile chenye ufa, aliondoka nacho siku ya kustaafu na alikirudisha Januari ndani ya koti la kiume. Amezuiwa kuingia, hawezi kuja kukichukua. Hakuna aliyekuwa amekigusa. Wengine walinitazama nitafanya nini.

Nilikiosha nikakitumia.

Jumamosi, 6 Aprili

Kesho Pasaka. Nilitoka kazini na mfuko wa punje za leo, bado zina joto, nikaenda moja kwa moja nyumba ya nyuma ya kiwanda. Kipawa nilikifunga kwenye taulo safi.

Niligonga mara moja nikasema ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuacha vitu mlangoni. Lakini fimbo ilisikika sakafuni, inakuja polepole, na mlango ukafunguka kiasi cha mkono. Amekonda. Wiki saba sikuwa nimeona uso wake karibu.

"Kipawa chako," nikasema.

Alikipokea, akafungua taulo, akakinusa. "Umekitumia."

"Nimekitumia."

Nikamnyooshea mfuko. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima, ya Rimouski, ya watu watano wanaoondoka Juni, ya benchi la tatu, na yote yalipotea pale mlangoni. Alitoa punje moja akaitafuna. Nilisikia mlio. Alitafuna muda mrefu, macho yako kwenye paa la kiwanda nyuma ya bega langu, akameza, na nikadhani ndiyo hivyo, atanyamaza kama zamani, na mimi nitashuka ngazi nirudi nyumbani.

"Imepungua kidogo," akasema.

Akafunga mlango. Mfuko alibaki nao.